Chombo Chenye Sauti

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Amerika, na sasa katika nyumba kadhaa za miji yetu, kimeingia chombo kidogo, kadiri ya kopo la maziwa, kikaacho juu ya meza pasipo kusema neno mpaka kiitwe kwa jina. Mwenye nyumba hulitamka jina lile, taa ndogo huwaka, naye hutoa amri: washa taa ya sebuleni, niambie ni saa ngapi, piga wimbo fulani, niamshe saa kumi na moja alfajiri. Chombo hujibu kwa sauti kama ya mtu, na amri hutimizwa. Hakinung'uniki, hakichoki, wala hakidai mshahara. Wasomaji wetu wengi hawajakiona kwa macho, lakini nduguye yumo mifukoni mwao, maana simu nyingi za leo nazo husikia na kujibu. Basi yafaa tujiulize mapema, kabla ya mazoea kutuziba macho: mtu ajizoezaye kutoa amri mchana kutwa kwa sauti itiiyo bila kuombwa, hujifunza nini? Na wale wakaao naye nyumba moja, watapata faida au hasara kwa mazoezi yake?

Kwanza tuseme wazi chombo hiki ni kitu gani. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza spika ya namna hii, iitwayo Echo, mwezi wa Novemba 2014. Google ikafuata mwaka 2016, na Apple mwaka 2018. Ndani yake hamna mtu wala roho. Mna mikrofoni zingojeazo neno moja tu, yaani lile jina la kukiamshia. Likisikika, maneno yanayofuata hunaswa na kupelekwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni, pengine ng'ambo ya bahari. Huko sauti hugeuzwa kuwa maandishi, maandishi hutafutiwa maana, na jibu hurudishwa, yote kufumba na kufumbua. Kionekanacho kuwa utii ni hesabu tu, na kisikikacho kuwa upole ni sauti iliyotengenezwa.

Hatusemi kwamba chombo hiki ni kibaya. Mama ambaye mikono yake imejaa unga wa chapati aweza kukiambia kimhesabie dakika 20 za chungu kilichoko motoni. Baba aweza kusikiliza habari za asubuhi huku akifunga viatu. Mwanafunzi aweza kuuliza mji mkuu wa nchi fulani, au kutaka hesabu yake ihakikishwe. Na kwa kipofu, kwa mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa, kwa mgonjwa aliyepooza asiyeweza kuifikia swichi ukutani, chombo hiki ni zaidi ya starehe: chamrudishia sehemu ya uhuru alioupoteza. Kanisa halijapata kuogopa maarifa ya namna hii. Papa Pius XI alifungua Radio Vatikano tarehe 12 Februari 1931, Marconi mwenyewe akiwa kando yake. Papa Pius XII aliandika mwaka 1957 barua yake Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na televisheni, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati Inter Mirifica tarehe 4 Desemba 1963. Tangu hapo twafundishwa kwamba vyombo hivi ni matunda ya akili tuliyopewa na Mungu, na kwamba kila mtu ataulizwa jinsi alivyovitumia.

Walakini swali la amri na utii ni la kale kuliko umeme. Mwanafalsafa Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliwaza kwamba kama kila chombo kingeweza kufanya kazi yake kwa kuamriwa tu, na kitanda cha mfumi kingefuma chenyewe, mabwana wasingekuwa na haja ya watumwa. Na Varro, Mroma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu chake cha kilimo kwamba vyombo vya shambani hugawanywa mafungu matatu. Kuna vyombo bubu, kama mikokoteni. Kuna vyombo vyenye nusu ya sauti, kama ng'ombe. Tena kuna vyombo vyenye sauti, na hivyo vya mwisho walikuwa watumwa. Mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu alihesabiwa pamoja na mkokoteni na ng'ombe. Aliwazidi kwa jambo moja tu, ya kuwa alijua kusema.

Tusidhani kwamba mawazo hayo yalikuwa ya Warumi peke yao. Pwani yetu yaijua biashara ya watu. Misafara iliteremka mpaka Bagamoyo, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapo mwaka 1868 waliwajengea kijiji watu waliokombolewa utumwani. Hata baadaye, zama za ukoloni, wazee wetu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu waliitwa "boi", wengine wakiwa tayari na wajukuu. Mzee mwenye heshima kijijini kwake, ambaye vijana walimpigia goti na kumwamkia shikamoo, huko jikoni hakuwa na jina. Alikuwa sauti ya kujibu "ndiyo, bwana", na mikono ya kuleta sahani. Wazee wale hawakuyasahau maumivu hayo, na walikuwa na haki ya kutoyasahau.

Basi sasa ndoto ya Aristotle imetimia kwa sehemu: tumepata chombo chenye sauti ambacho kweli ni chombo, wala si mtu aliyeshushwa. Kwa upande huo yatupasa kushukuru. Ni heri taa izimwe na mashine kuliko mtoto wa mwenzetu aamshwe usingizini kuja kuizima. Lakini lililo kubwa halijajibiwa. Je, ile tabia ya kuamuru bila kumtazama mtu imehama kutoka kwa watu na kuishia kwenye mashine? Au imekwenda kwa mashine kujifunza, ili irudi kwa watu na ukali zaidi?

Pengine msomaji atatujibu: mbona hatuiombi radhi swichi, wala hatuiambii asante baiskeli? Ni kweli. Kuishukuru spika si wajibu. Adabu ni sehemu ya haki, nayo haki hupewa mwenye nafsi, si kitu. Walakini tuone tofauti. Swichi twaibonyeza kwa kidole. Spika twaiamuru kwa sauti, na sauti ni kile kile tunachomwitia mama, tunachoungamia dhambi zetu, tunachofungia ndoa mbele ya altare. Tena watengenezaji wameipa spika jina, nayo hujibu kama mtu. Na kwa miaka ya mwanzo sauti hiyo kwa kawaida ilikuwa ya kike, hata UNESCO ikaonya mwaka 2019 kwamba wasaidizi wa namna hiyo, wenye sauti ya mwanamke asiyekataa lolote, waweza kuimarisha fikira kwamba mwanamke yupo kwa ajili ya kutumwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino atusaidia hapa. Akieleza kwa nini Sheria ya Kale iliwakataza Waisraeli kuwatendea wanyama ukatili, alifundisha kwamba mtu ajizoezaye ukatili kwa mnyama hupata urahisi wa kuwa mkatili kwa mwanadamu. Hasara kubwa iko ndani ya yule atendaye. Fadhila na vilema vyote hujengwa kwa kurudia, kama njia ya miguu ijengwavyo na wapitao. Nasi twaweza kusema vivyo hivyo juu ya spika: haidhuriki kwa ukali wetu, haina moyo wa kuumia; lakini ulimi utumikao kwayo ndio ule ule tutakaorudi nao mezani. Ulimi hauna mabawabu wawili, mmoja wa mashine na mmoja wa watu.

Watengenezaji wenyewe waliliona jambo hili. Mwaka 2018, wazazi wengi wa Marekani walipokwisha kulalamika kwamba watoto wao wamekuwa watu wa kufoka amri, Amazon na Google zote mbili zilitangaza namna ya kuifanya spika impongeze mtoto atumiaye neno la heshima. Nia ni njema. Ila mtoto hufundishwa adabu na mtu awezaye kuumizwa na utovu wa adabu. Aonapo uso wa dada yake ukikunjamana, ajua amekosa. Aonapo bibi yake akitabasamu, ajua neno lake limefika moyoni. Mashine imsifuyo mtoto kwa kusema tafadhali yamfundisha nywila ya kufungulia mlango. Haimfundishi kumheshimu aliye nyuma ya mlango. Ndiyo maana ile hati ya Vatikano Antiqua et Nova, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025, yawaangalisha wazazi na walimu kwamba mashine zinazojifanya watu zaweza kumzoeza mtoto kuyaona mahusiano ya wanadamu kuwa ni kutaka na kupewa tu.

Nasi tunayo shule ya adabu katika lugha yetu yenyewe. Mtu aweza kusema "leta maji", na hiyo ni amri tupu. Aweza kusema "niletee maji", na hapo amejitia mwenyewe katika neno, akikiri kwamba yeye ndiye mwenye haja. Aweza kusema "naomba uniletee maji", na hapo amemwachia mwenzake nafasi ya hiari, ili tendo lake liwe wema na si utumwa. Wazee hawakuziweka ngazi hizo kwa kupoteza wakati. Walijua kwamba yule aombwaye ana mwili uchokao na moyo uumiao. Bibi akiitwa hukawia, kwa kuwa magoti yanamuuma. Mdogo akitumwa huuliza, "Ngoja nimalize hili." Katika kukawia huko na kungojea huko ndimo mtoto ajifunzamo kwamba ulimwengu haukuumbwa kwa ajili yake peke yake. Spika haikawii. Kwa sababu hiyo haiwezi kumfundisha mtu saburi, na yeye asiyefundishwa saburi atamwona bibi yake kuwa mashine mbovu.

Sasa tufike pale panapouma. Katika nyumba nyingi za miji yetu yumo msichana aliyetoka kijijini, tunayemwita dada. Jina hilo ni zuri, tena ni la kindugu. Lakini mara ngapi limekuwa kama lile jina la kuiamshia spika, lisilotamkwa ila panapo amri? "Dada, chai! Dada, viatu! Dada, zima taa!" Huamka kwanza na kulala mwisho. Hula kilichobaki, wakati uliobaki. Mtoto wa miaka 6 humtuma kitu kilichoko hatua tatu kutoka miguuni pake, wala baba na mama hawasemi neno. Watu wa nyumba ile wajua jina la spika na jina la paka. Ukiwauliza jina la ubatizo la dada, au la mama yake, hutazamana. Nyumba kama hiyo haikuhitaji kununua chombo chenye sauti. Ilikuwa nacho tangu zamani, na Varro angeingia humo angejiona yuko kwao.

Katekisimu hutufundisha kwamba Amri ya Nne haiishii kwa watoto na wazazi, bali yagusa pia wajibu wa wakubwa kwa walio chini yao. Kwa hiyo Mkristo aliye na mfanyakazi nyumbani ana deni la haki kabla ya deni la upole: mshahara uliopatanwa, tena kwa wakati wake, usingizi wa kutosha, matibabu augapo, nafasi ya kwenda Misa Dominika na kupokea sakramenti, ruhusa ya kwenda kwao kuwaona wazazi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, wataka mfanyakazi wa nyumbani apate pumziko la saa 24 mfululizo kila juma. Hilo lisiwe geni kwetu, sisi tuliopewa sabato na Mungu mwenyewe, ambayo Sheria ya Musa ilimpa mtumishi na mjakazi sawasawa na bwana wao. Na tukumbuke kwamba Kanisa limemweka altareni Zita wa Lucca, mwanamke aliyeitumikia nyumba moja tangu utoto mpaka kufa kwake mwaka 1272. Wangapi kati yetu wamepata kufikiri kwamba huyo aoshaye vyombo jikoni mwao aweza kuwatangulia mbinguni?

Tena tulinganishe uaminifu wa hao wawili. Dada husikia siri za nyumba: ugomvi wa usiku, madeni, maradhi. Akiwa na dhamiri njema huzitunza, na asipozitunza aweza kuonywa, kutubu na kusamehewa. Spika nayo husikia, lakini haina dhamiri. Mwaka 2019 magazeti yalifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni kubwa walikuwa wakisikiliza baadhi ya maneno yaliyonaswa majumbani mwa watu, ili kuzisahihisha mashine zao. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuzihifadhi sauti za watoto kinyume cha sheria, nayo ikakubali kulipa faini ya dola milioni 25. Kwetu mgeni hupiga hodi, akasubiri karibu. Tukikiweka ndani chombo kisichopiga hodi, basi sisi wenyewe tuwe mabawabu: kisikae chumba cha kulala, kizimwe masikio panapozungumzwa mambo mazito, na mgeni aambiwe kwamba kipo.

Liko pia jambo la sala. Spika yaweza kuamriwa ipige rozari iliyonaswa, na kwa mgonjwa aliye peke yake kitandani hiyo ni faraja ya kweli. Lakini jioni, jamaa wakiwapo, baba asiiachie mashine nafasi yake. Chombo chaweza kuyarudia maneno ya sala, kusali hakiwezi. Sala ya mama mwenye sauti ya kukwaruza, anayesinzia fumbo la nne, yampendeza Mungu kuliko kwaya bora iliyofungwa ndani ya kopo. Na kwa nini dada asiongoze fumbo moja, sauti yake isikike nyumbani kwa jambo lisilo jibu la amri?

Katika Injili yumo mtu mmoja aliyeijua sana kazi ya kuamuru: yule akida wa Kapernaumu. Alikuwa na askari chini yake, na neno lake lilitiiwa mara moja. Lakini mtumishi wake alipougua, bwana huyu wa amri alimwendea Yesu mwenyewe na kumsihi kwa ajili yake. Tuyatazame hayo mawili kwa pamoja. Kinywa kilichozoea kusema nenda na njoo kilijua pia kusihi, tena kwa ajili ya mtumishi. Uwezo wa kuamuru haukukausha moyo wake, kwa sababu hakusahau kwamba atiiye ni mtu. Bwana wetu aliistaajabia imani ya mtu huyo.

Papa Leo XIV aliichagulia Siku ya 60 ya Upashanaji Habari, ya mwaka 2026, mada ya kulinda sauti na nyuso za wanadamu. Kazi hiyo huanzia katika nyumba zetu. Anunuaye spika na aitumie, ila aweke kanuni chache. Mtoto asiruhusiwe kumtuma mtu mzima bila neno la kuomba na neno la kushukuru. Linaloweza kufanywa kwa mikono yake mwenyewe, alifanye. Mwenye kuhudumiwa amtazame usoni anayemhudumia. Na kila jioni mwenye nyumba ajihoji: leo, ni nani niliyemwita kwa jina bila kutaka kitu kwake? Asipompata hata mmoja, ajue kwamba ana kazi ya kufanya kabla ya kulala. Aende jikoni, taa ingali inawaka, amwambie yule binti pole kwa kazi, amwulize habari za mama yake, kisha angoje kusikia jibu.